Mwongozo Kamili wa Kucheza Archer katika Ragnarok Online kwa Mchezaji wa Mombasa

Mchezaji anayechagua kuwa Archer, yaani mpiga upinde, katika Ragnarok Online, mchezo wa kompyuta wa mtandaoni, amechagua kupigana akiwa mbali na adui, na kila uamuzi atakaoufanya baada ya hapo, kuanzia namna anavyogawa pointi zake hadi mahali anaposimama pangoni, unapaswa kuulinda umbali huo. Vijana wengi wanaoingia mchezoni jioni, kuanzia Kisauni hadi Likoni, huvutiwa na Archer kwa sababu huua haraka, kisha humwacha kwa sababu hufa haraka. Mambo hayo mawili yana chanzo kimoja, nacho ni mwili mwepesi usio na ngao, na tiba yake inaweza kufunzwa hatua kwa hatua.

Mchezo huu ulitolewa na kampuni ya Gravity ya Korea Kusini mwaka 2002, na umepitia mabadiliko mengi tangu wakati huo. Mwongozo huu unafuata kanuni za kale, zile za kabla ya mageuzi makubwa yaitwayo Renewal, kwa hiyo hakikisha kwanza kwamba seva unayojiunga nayo inatumia kanuni hizo. Majina ya skili, mishale na miji nimeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini, ili usitaabike kuyatafuta.

Laini yako kwanza

Mombasa ndipo zinapotua nyaya za chini ya bahari zinazoiunganisha Kenya na ulimwengu. SEACOM na TEAMS zilianza kazi mwaka 2009, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Kukaa karibu na nyaya hizo ni jambo jema, lakini hakuondoi umbali ulio kati yako na seva. Ukibofya kipanya ukiwa Majengo, ujumbe wako husafiri hadi bara jingine, hupokelewa na seva, kisha jibu hurudi. Kwa mchezaji wa upinde athari yake ni hii: skrini yako inaweza kukuonyesha umekwisha kusimama, ilhali seva bado inakuhesabu ukiwa njiani, na kiumbe uliyedhani umemwacha nyuma anakupiga mahali ambapo hauonekani kuwapo.

Kwa sababu hiyo jizoeze kusimama kabisa kabla ya kupiga mshale wa kwanza, na usibofye ardhi mara nyingi mfululizo unapokimbia. Ikiwa kompyuta yako inaweza kuunganishwa na ruta kwa waya, tumia waya. Ikiwa unategemea bando la simu, zima programu zinazojisasisha zenyewe, kwa kuwa mchezo wenyewe hutumia data kidogo mno, na mara nyingi hayo masasisho ndiyo yanayoimaliza bando na kuikwamisha laini. Stima nayo hupotea bila taarifa, basi usiingie mahali pa hatari betri ya kipakatalishi ikiwa imekwisha, kwani ukikatika ghafla mhusika wako huweza kubaki mchezoni kwa muda akishambuliwa, na kila kifo hukupunguzia asilimia 1 ya uzoefu unaohitajika kufikia leveli inayofuata.

Kumuumba mhusika

Katika kanuni za kale mhusika huumbwa kwa sifa sita zilizofungamanishwa mbilimbili: STR (nguvu za mwili) na INT (akili), AGI (wepesi) na LUK (bahati), VIT (ustahimilivu) na DEX (ustadi wa mkono). Kila jozi hugawana pointi 10, na ukiiongeza moja unaipunguza mwenzake. Weka DEX 9 na AGI 9 bila kusita, ijapokuwa VIT na LUK zitabaki 1 kila moja. Jozi ya STR na INT ndiyo inayozua ubishi miongoni mwa wachezaji. Wapo wanaotaka STR ili wabebe mizigo mingi, nami naona INT 9 ina faida zaidi, kwa kuwa mzigo unaweza kuuweka ghalani kwa Kafra, mhudumu wa mjini, na kuufuata baadaye, lakini SP, nishati ya kutumia skili, ikikuishia katikati ya mapambano huna pa kuichukua.

Mhusika huanza akiwa Novice, yaani mwanagenzi asiye na kazi. Fikisha leveli ya kazi (Job Level) hadi 10, tumia pointi zote 9 katika Basic Skill, kisha nenda Payon, mji wa wapiga upinde uliozungukwa na msitu. Katika kanuni za kale chama cha Archer hukutaka uwapelekee magogo yanayoangushwa na viumbe wa miti waitwao Willow, na kila aina ya gogo ina alama zake, ukitakiwa kufikisha alama 25. Willow wamejaa katika misitu inayozunguka Payon, kwa hiyo kazi hii haihitaji safari ndefu. Inahitaji subira tu, na kisu cha Novice chatosha.

DEX na hesabu yake

Hapa ndipo Archer wengi wanapoharibika, basi tuende polepole. Nguvu ya msingi ya upinde haitokani na STR, hutokana na DEX. Seva huchukua DEX yako yote, yaani ile uliyoinunua kwa pointi pamoja na ile inayoletwa na skili, kazi, mavazi na baraka. Kisha huigawa kwa 10, hutupa sehemu iliyobaki, hukipandisha kile kilichopatikana kwa kipeo cha pili, na kukijumlisha na DEX yenyewe. STR na LUK huongeza sehemu ndogo tu, moja ya tano ya kila moja.

Chukua mchezaji mwenye DEX 59. Makumi yake ni 5, kipeo chake cha pili ni 25, na jumla ni 84. Akiongeza pointi moja tu na kufikia 60, makumi yanakuwa 6, kipeo kinakuwa 36, na jumla inapanda hadi 96. Pointi hiyo moja imemletea nguvu 12. Akiongeza nyingine na kufikia 61, anapata nguvu 1 peke yake. Kwa hiyo usiwahi kukaa kwenye 58 au 59 kwa leveli kadhaa huku ukilimbikiza AGI. Malizia kumi lako kwanza, halafu ndipo uhamie kwingine, na kila unapobadilisha kofia au pete, tazama tena jumla ya DEX uone kama umeshuka chini ya kumi kamili.

Inafaa kukumbuka kwamba mambo ya kweli si hivyo. Waata, wawindaji wa bara iliyo nyuma ya Pwani yetu hadi Tsavo, walivuta pinde nzito mno zilizohitaji misuli ya kweli, na mishale yao ya ndovu ilipakwa sumu ya miti. Waundaji wa mchezo huu wameamua kuheshimu wepesi wa mkono na usahihi wa jicho, na mchezaji anayeleta fikra ya nguvu za mwili akamwaga pointi kwenye STR atakuwa na Archer dhaifu hadi mwisho.

Bei ya kupandisha sifa huongezeka kadiri unavyopanda. Kuanzia 1 hadi kufikia 11 kila hatua hugharimu pointi 2, kumi linalofuata hugharimu pointi 3 kwa kila hatua, na kadhalika hadi pointi 11 kwa zile hatua za mwisho kuelekea 99. Kwa hiyo hakuna atakayejaza kila kitu. Ushauri wangu ni kuitanguliza DEX hadi jumla yake ifike 50 au 60, kisha ukaipandisha AGI sambamba nayo. AGI hukupa kasi ya kupiga na uwezo wa kukwepa, ila usiutegemee sana huo ukwepaji, kwa sababu viumbe zaidi ya wawili wakikuzingira, kila anayeongezeka hukupunguzia asilimia 10 ya uwezo wako wa kukwepa.

Mpangilio wa skili

Archer ana skili kuu tano, na hadi leveli ya kazi 50 utakuwa umepata pointi 49. Hesabu inapendeza: ukijaza nne hadi 10 kila moja, ya tano inabaki na 9.

Anza na Owl's Eye hadi 3, kwa kuwa kila hatua yake hukuongezea DEX 1 ya kudumu, na ndiyo inayofungua Vulture's Eye. Fungua Vulture's Eye na uipandishe hadi 3 au 5 mapema. Skili hii huongeza masafa ya upinde kwa mraba mmoja wa ramani kila hatua, pamoja na usahihi, na wachezaji wengi huichelewesha kwa sababu haionyeshi namba kubwa kwenye skrini. Upinde una masafa ya miraba 5 tu bila skili hii, ukiijaza unafika 15, na tofauti ya miraba hiyo 10 ndiyo muda ulio nao wa kumwangusha kiumbe kabla hajakufikia.

Baada ya hapo jaza Double Strafe hadi 10. Hupiga mara mbili kwa mpigo mmoja, na ikikamilika hutoa asilimia 380 ya nguvu yako kwa SP 12. Fuatisha Owl's Eye hadi 10, kisha Vulture's Eye hadi 10, kisha Improve Concentration, ambayo hupandisha DEX na AGI hadi asilimia 12 kwa sekunde 240 na pia huwafichua waliojificha karibu nawe. Arrow Shower iwe ya mwisho. Huwapiga wengi kwa pamoja na kuwasukuma nyuma, na kwa hakika inafaa pale viumbe wadogo wanapokuvamia, lakini Archer anayeitumia kuwakusanya viumbe kusudi anajitafutia kifo.

Zipo pia skili mbili zinazopatikana kwa kutimiza kazi maalumu badala ya pointi, nazo ni Arrow Crafting, inayogeuza vitu mbalimbali kuwa mishale, na Charge Arrow, inayomsukuma adui mmoja nyuma miraba 6. Zitafute zote mbili. Charge Arrow hasa hukurudishia umbali uliokwisha kuupoteza, na kwa Archer hakuna kitu chenye thamani kuliko hicho.

Podo na uzito wake

Mshale wa kawaida una nguvu 25, na Silver Arrow ina 30. Ukitazama namba hizo peke yake utasema tofauti ni ndogo. Nguvu ya kweli ya mshale iko katika asili yake, kwa kuwa kila kiumbe ana asili, na asili moja huishinda nyingine. Fire Arrow huwaunguza viumbe wa ardhi na wa miti kama Willow. Crystal Arrow ni ya maji na huwashinda wa moto. Arrow of Wind huwashinda wa majini, na Stone Arrow huwashinda wa upepo. Silver Arrow ni takatifu, huwaangamiza maiti wanaotembea na viumbe wa giza. Kama mvuvi anavyobadilisha nyavu kulingana na samaki anaowafuata, usitoke mjini kabla hujajua unakwenda kumpiga nani.

Silver Arrow na Fire Arrow huuzwa na wenye maduka wa mchezo kwa zeny (fedha ya mchezo) 3 kila mmoja, kwa hiyo hakuna sababu ya Archer mchanga kuzunguka na mishale ya kawaida peke yake. Weka kila aina kwenye kitufe chake katika safu ya F1 hadi F9, ili uibadilishe bila kufungua begi, na uache kitufe kimoja kwa Fly Wing, ambayo hukurusha mahali pengine popote katika ramani hiyo hiyo unapozidiwa.

Uzito nao unahitaji nidhamu. Mzigo ukifika asilimia 50 ya uwezo wako, HP (uhai wako) na SP haziongezeki tena zenyewe, na ukifika asilimia 90 huwezi kupiga wala kutumia skili. Mishale 1,000 ya kawaida ina uzito wa 100, na Silver Arrow 1,000 zina uzito wa 200. Chupa moja ya Red Potion ina uzito wa 7, sawa na mishale 70 ya kawaida. Ninapowaona wachezaji wapya wamebeba chupa nyingi na mishale michache, huwa nawashauri wageuze hesabu, kwani Archer anayepiga vizuri hahitaji dawa nyingi, ilhali Archer aliyeishiwa mishale hana silaha kabisa.

Mahali pa kuwinda

Ukiwa na Silver Arrow, anza na Payon Cave, iliyo karibu na kijiji cha wapiga upinde. Zombie wa ghorofa ya kwanza hutembea polepole sana, na ukimwona ukiwa mbali utamwangusha kabla hajakugusa. Familiar, yule popo mweusi, ni tofauti, kwani huja kwa kasi. Uzuri ni kwamba naye ni wa giza, hivyo mshale uleule unamtosha. Piga Familiar kwanza, Zombie atasubiri.

Baada ya hapo nenda Byalan, pango la chini ya bahari unalolifikia kwa chombo kutoka Izlude, na ubebe Arrow of Wind. Huko kuna Hydra, na kwa Archer kiumbe huyu ni shule. Hydra hatembei kabisa. Ameota mahali pamoja, lakini mkono wake unafika miraba 7. Fanya hesabu: upinde miraba 5, Vulture's Eye hatua ya 3, jumla 8. Umemzidi kwa mraba mmoja, na mraba huo unatosha kumuua bila kupata jeraha.

Tatizo ni kwamba ukimbofya Hydra aliye mbali, mhusika wako hutembea mwenyewe hadi masafa yake yamfikie, wala haangalii amepita karibu na nani. Hydra huota kwa makundi, na mchezaji anayembofya yule wa katikati hujikuta amesimama ndani ya mikono ya watatu walio pembeni. Basi fanya hivi. Simama mbali na uhesabu wako wangapi. Chagua yule wa nje kabisa, upande wako. Tembea kwa kubofya ardhi, si kwa kumbofya yeye, hadi ubakishe mraba mmoja au miwili kabla ya masafa yako, kisha ndipo umbofye. Akianguka, rudi hatua moja, tazama upya, uchague mwingine wa nje. Ukiandika amri /noctrl mwanzoni, mhusika ataendelea kupiga kwa mbofyo mmoja, na macho yako yatabaki huru kutazama kinachokuja kutoka pembeni.

Utaratibu huohuo unafaa kwa Flora na Mandragora, viumbe wengine walioota ardhini, ila hao ni wa ardhi na wanataka Fire Arrow. Kumbuka pia kwamba upinde huwapunguzia viumbe wenye umbo kubwa, kwani kwao nguvu yake hushuka hadi asilimia 75, ilhali kwa wadogo na wa kati hubaki kamili. Kiumbe mkubwa asipokufa kwa idadi ya mishale uliyoitarajia, usidhani kuna hitilafu.

Kwa wanaotembea, kanuni ni kupiga, kurudi nyuma na kupiga tena, huku ukijua unarudi wapi. Usirudi nyuma kuelekea sehemu ambayo hujaisafisha. Mahali penye maji au ukingo wa mwamba kati yako na adui ni hazina, kwa kuwa mara nyingi mshale huvuka na mguu wa kiumbe hauvuki, akalazimika kuzunguka mwendo mrefu.

Ukiwa katika kundi

Kaa nyuma ya mwenye ngao, subiri apige yeye kwanza ndipo upige, na usimguse kiumbe aliyekwisha kushambuliwa na mtu usiyemjua. Jamaa wa seva za Asia hulihesabu hilo kuwa utovu wa adabu, na jina baya husambaa haraka. Salimia unapoingia, na uage unapotoka.

Rafiki wa kwanza wa kumtafuta ni Acolyte au Priest, wahusika wa kuponya na kubariki. Blessing (baraka) yake ikiwa kamili hukupa DEX 10, na kwa hesabu tuliyoifanya juu unajua maana yake: umevuka kumi zima bila kutumia hata pointi moja. Increase AGI hukuongezea kasi ya mguu na ya mkono. Kwa Blessing hiyo mwenye DEX 60 hupanda hadi 70, na nguvu yake ya msingi huruka kutoka 96 hadi 119. Kwa hiyo mgawie nyara kwa haki. Jambo moja la kwetu huku ni saa, kwani jioni ya wenzetu wa Asia huanza huku Mombasa bado ni mchana, na makundi huvunjika mapema. Patana na wenzako saa za kukutana, na mwezi wa Ramadhani waambie mapema kwamba utaonekana baada ya tarawehe na utaondoka kwa daku, ili wasikusubiri.

Kuelekea kazi ya pili

Unaweza kubadilisha kazi kuanzia leveli ya kazi 40. Nakushauri usubiri hadi 50, kwa sababu pointi kumi za mwisho huzipati tena, na ndizo zinazojaza Improve Concentration na Arrow Shower. Ni safari ndefu, na kati ya 40 na 45 wengi hukata tamaa, lakini Hunter, yaani Archer aliyeingia kazi ya pili, aliyeruka mapema huonekana na upungufu huo hadi mwisho wa mchezo.

Archer wa kiume anaweza kuwa Hunter au Bard, na wa kike Hunter au Dancer. Bard na Dancer huishi kwa ajili ya kundi, na anayecheza peke yake usiku hatawafurahia. Hunter huongeza mitego, ambayo Ankle Snare ndiyo bora kwa kuwa humfunga adui mahali alipo, na huongeza kipanga anayeshambulia pamoja nawe. Kabla ya kwenda, tumia pointi zote za skili, kwani hutakubaliwa ukiwa na zilizobaki. Ukishakubaliwa, weka pointi ya kwanza kwenye Beast Bane ili ifunguke Falconry Mastery, skili ya kumtumia kipanga, weka inayofuata hapo, na uwe na zeny 2,500 mfukoni, kwa kuwa ndiyo bei anayotoza mtunza vipanga.